Liberatus Kalinga, Mkataji wa Tezi za Mbuzi

Mwaka 1952 wakubwa wa mifugo waligundua kwamba mbuzi wa Mbeya wana mate. Wenye mbuzi walilijua jambo hilo tangu zamani, lakini hawakuwa wameliandika popote, na jambo lisiloandikwa, kwa desturi ya ofisi, huwa halijatokea. Kwa hiyo aliletwa daktari kutoka ng'ambo, akapewa nyumba ya mabati nyuma ya machinjio, hadubini moja, meza mbili, dereva mmoja aliyeitwa Jailos, na karani mmoja ambaye ni mimi. Kazi yetu ilikuwa kueleza mate hayo yanatoka wapi. Wakulima walikuwa wakiuliza habari ya dawa ya kuoshea ng'ombe kupe, wakajibiwa kwamba kila jambo lina wakati wake. Wakati huo ulikuwa wa mate.

Daktari alikuwa na jina lake, refu na lenye herufi ambazo hazitamkwi. Watu wa sokoni walimwita Bwana Mate, naye akadhani ni heshima, kwa hiyo hakuna aliyeumia.

Mtu ninayetaka kumweleza hapa si yeye. Ni Liberatus Kalinga, aliyekata tezi hizo kwa mkono wake kwa miaka minne, na ambaye katika karatasi zote zilizopigwa chapa juu ya mbuzi wetu hajatajwa hata mara moja. Mbuzi wametajwa.

Liberatus alizaliwa mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Kalenga, upande wa Iringa, akasoma kwa mapadri Tosamaganga hadi darasa la nane. Baba yake alitaka awe mwalimu. Yeye alikuwa na kasoro moja iliyomzuia: hakupenda kusema jambo kabla hajalihakikisha. Akaja Mbeya kutafuta kazi akiwa na miaka ishirini na saba, mke aliyeitwa Paskalina, na mtoto mmoja, Rozalia, aliowaacha nyumbani kwa wazazi wake mpaka atakapopata mahali pa kuwaweka.

Daktari alimjaribu kwa kumpa kisu cha mashine ya kukatia akinoe. Waliotangulia walikinoa nusu saa wakakirudisha. Liberatus alikinoa siku mbili. Daktari alijaribu makali yake kwenye ndevu zake mwenyewe, akapoteza ndevu nyingi kuliko alivyokusudia, akasema, "Huyu abaki." Akaandikishwa kibarua. Kibarua maana yake ni mtu anayefanya kazi kila siku lakini ofisi hushangaa kila asubuhi kumwona.

Kazi yenyewe niieleze, kwa maana watu walidhani tunakula nyama. Tezi ikitolewa kwenye kichwa cha mbuzi hukatwa kipande cha ukubwa wa punje ya haragwe, hutiwa ndani ya fomalini isioze, kisha huogeshwa kwenye spiriti siku moja na nusu mpaka maji yote yatoke, kisha hutiwa kwenye nta ya moto. Nta ikipoa, kipande kimekuwa kama mdudu ndani ya mshumaa. Hapo ndipo mashine inapokata. Inakata utando mwembamba kiasi kwamba ukipiga chafya umepoteza kazi ya wiki. Tando hutoka zimeshikana kama utepe, huwekwa juu ya maji ya vuguvugu zijinyooshe, huokotwa kwa kioo, hutiwa rangi mbili, ya zambarau na ya waridi, halafu ndipo mtu anaweza kutazama.

Mbeya mwezi wa Juni nta hupasuka kwa baridi. Kitabu cha Daktari kilieleza dawa yake: chumba kiwe na joto la kutosha. Chumba chetu kilikuwa cha mabati. Liberatus akabuni njia yake: kabla ya kila mkato aliinamia nta na kuipulizia pumzi, polepole, kama mtu anayeamsha moto asitake mwenye nyumba ajue. Akikata, anapuliza. Akikata, anapuliza. Siku nzima. Jailos dereva alipita mlangoni akasema, "Kalinga, mbuzi amekwisha kufa. Huwezi kumfufua." Liberatus hakujibu, kwa sababu alikuwa ndani ya pumzi.

Kwa jambo moja Daktari alikuwa mtu wa haki: alimruhusu Liberatus kutazama kwenye hadubini. Na Liberatus alinieleza mimi, ili daftari langu lisiwe la kipumbavu. Mbuzi ana tezi kubwa mbili za mate kila upande wa kichwa, alisema, ukiacha zile ndogo za chini ya ulimi. Moja iko chini ya sikio, nyuma ya shavu, chini ya ngozi tu. Nyingine iko ndani zaidi, chini ya taya, karibu na koo. Kwa macho zinafanana. Kwenye kioo hazifanani hata kidogo. Ile ya chini ya sikio ina seli za namna moja, zimekolea rangi, zimebanana kama punje za hindi, kila moja na kiini chake cha mviringo katikati. Hizo hutoa mate mepesi kama maji. Ile ya chini ya taya ina seli za namna mbili. Ziko zilizovimba, nyeupe, na kiini kimesukumwa ukutani kikawa bapa, kama mwenye nyumba anayelala pembeni kwa sababu wageni wamejaza kitanda. Juu ya hizo nyeupe zimekaa seli zilizokolea, kwa umbo la mwezi mchanga. Hizo nyeupe ndizo zinazotoa ute wa kuteleza.

Niliandika yote hayo. Vitabu vya Ulaya vilisema hivyo hivyo.

Lakini mbuzi wetu walikataa vitabu. Mbuzi arobaini waliochinjwa kijijini Mbalizi, ambao tezi zao za chini ya sikio zililetwa na Jailos kila Jumatatu ndani ya chupa, walionyesha kwenye kioo seli nyeupe tele, na miezi michanga juu yake. Daktari alitazama mbuzi wa kwanza akanyamaza. Alipotazama wa kumi alianza kupiga mluzi. Alipofika wa thelathini alikuwa amekwisha andika kurasa kumi na tisa, ambazo nilizipiga chapa mimi, zikisema kwamba mbuzi wa Nyanda za Juu ana tezi ya pekee duniani, kwamba huenda ndiyo sababu anakula miiba bila kulalamika, na kwamba ugunduzi huu ulihitaji jicho lililozoea. Maprofesa wa kwao walijibu kwa heshima kwamba wangependa kuviona vioo. Ikapangwa sanduku liondoke Alhamisi ya kwanza ya mwezi wa Machi, 1956.

Na hapo ndipo maisha ya Liberatus yalipofungwa kwenye mkia wa mbuzi. Kwa miaka minne alikuwa ameomba kuajiriwa rasmi. Mwajiriwa hupewa nyumba, chumba kimoja na jiko, na mwenye nyumba huweza kumleta mke wake. Kibarua hulala kwa mtu. Daktari alikuwa ameahidi: siku sanduku litakapoondoka, na barua ya kumwajiri Liberatus itaondoka. Barua ilikuwa tayari. Niliipiga chapa mwezi wa Novemba. Ilikuwa ndani ya droo ya Daktari ikikosa kitu kimoja tu, yaani sahihi, ambayo Daktari aliiweka kwa vitu vingine vyote, hata orodha ya mifagio.

Krismasi ya mwaka 1955 Liberatus alikwenda nyumbani. Baba yake alichinja mbuzi. Wengine walipokuwa wakipuliza moto, yeye aliomba kichwa, akachuna ngozi ya shavu, akatoa tezi ya chini ya sikio na kuitia kwenye kichupa alichokuja nacho mfukoni. Mtu akizoea kazi ndivyo anavyokuwa. Paskalina alimtazama. Mazungumzo yao aliniambia mwenyewe, bila kuongeza, kwa sababu hakuwa na kipaji cha kuongeza.

"Baba Rozalia, hiyo unaipeleka wapi?"

"Ofisini."

"Ofisi haina mbuzi wake?"

"Inao. Huyu ni wa kulinganisha."

"Haya. Mimi pia nalinganisha. Matilda, binti wa jirani, aliolewa mwaka juzi, mume wake mpishi tu wa mapadri, na wanalala nyumba moja."

"Mwezi wa tatu, Mama Rozalia."

"Mwezi wa tatu wa mwaka upi? Ulisema mwezi wa tatu tangu mtoto hajaota meno. Sasa ameyaota, ameanza kuyang'oa."

Akarudi Mbeya na kichupa kwenye basi, amekishika mkononi njia nzima kutoka Iringa, na abiria wa jirani, kwa harufu ya fomalini, alimpa nafasi kubwa kuliko alivyolipia.

Alikikata kile kipande mwezi wa Januari, katika muda wake wa chakula. Akatia rangi. Akatazama. Hakukuwa na seli nyeupe hata moja. Zote zilikolea, zimebanana kama punje za hindi, kama vitabu vilivyosema.

Mtu mwingine angekimbia kutangaza. Liberatus alijishtaki yeye mwenyewe kwanza. Alidhani rangi yake imeharibika, akachanganya nyingine. Ikawa vile vile. Alidhani ameweka spiriti muda mrefu, akarudia kwa kipande kilichobaki. Ikawa vile vile. Ndipo akaja kwenye meza yangu, akasema kwa sauti ya chini:

"Bwana Karani, daftari linasema tezi za Mbalizi zilitolewa na nani?"

"Saulo mchinjaji."

"Zote?"

"Zote arobaini."

"Na nani alimwona akizitoa?"

Nilifunua kurasa. Safu ya aliyetoa ilikuwa imejazwa. Safu ya tarehe ilikuwa imejazwa. Safu ya aliyeshuhudia hatukuwa nayo. Daktari aliwahi kufika Mbalizi mara moja, akampa Saulo picha ya kichwa cha mbuzi iliyochorwa vizuri sana na alama nyekundu chini ya sikio, akampigia saluti na kuondoka. Jailos aliletewa chupa barabarani, hakuzima hata gari.

Jumamosi iliyofuata Liberatus alikwenda Mbalizi, nami nilifuatana naye kwa kuwa nilihitaji viazi. Saulo alikuwa akichinja mbuzi wawili wa harusi, kilimani juu ya barabara. Alikuwa mtu mnene, mwepesi wa mkono, mwenye maneno. Picha ya Daktari ilikuwa imebandikwa ndani ya mlango wake kati ya picha ya Yesu na ya mwendesha baiskeli.

"Karibuni watu wa mate," alisema. "Leo mmekuja wenyewe? Gari limekufa?"

"Tumekuja kujifunza," alisema Liberatus.

Saulo alichinja, akachuna mwili wote, lakini alipofika shingoni alisimamisha kisu. Kichwa alikikata na ngozi yake, masikio yake, ndevu zake. Kisha akakigeuza, akaingiza kisu kupitia kooni, akachokonoa, akatoa kinyama cha rangi ya njano na kukiweka kwenye chupa yetu. Shavu halikuguswa.

Nilimwona Liberatus akifumba macho kidogo.

"Bwana Saulo," alisema, "picha inaonyesha chini ya sikio."

"Naiona kila siku nikivaa suruali."

"Na hiyo umeitoa kooni."

"Nimeitoa kooni."

"Kwa nini?"

Saulo alimtazama kama mtu anayeulizwa kwa nini anavaa kofia kichwani. "Kwa sababu kichwa si changu, ndugu yangu. Hapa kwetu kichwa cha mbuzi wa shughuli ni cha mjomba wa mwenye shughuli. Kinakwenda kizima, na ngozi yake. Anakichoma mwenyewe. Nikifungua shavu, mjomba atasema nimeonja kabla yake. Wewe utamfungulia mjomba wako shavu?"

"Hapana."

"Basi. Nikaona Bwana Mate anataka kitu cha mate. Ndani ya koo kipo kingine, mjomba haoni nikikitoa. Nikampa hicho. Mate ni mate. Kwani mbuzi ana vinywa viwili?"

"Mbuzi wote arobaini?"

"Nilimpunja hata mmoja?"

Hakumpunja. Nataka ieleweke kwamba katika jambo hili lote Saulo ndiye aliyefanya kazi yake vizuri kuliko wote. Alikuwa na wakubwa wawili, mjomba na Bwana Mate, na kila mmoja alipata kitu akaridhika. Ugunduzi wa pekee duniani ulikuwa adabu ya Saulo kwa wajomba.

Liberatus aliuliza mjomba wa siku ile ni nani. Alikuwa Mzee Gideoni, mkulima wa pareto, mzee wa kanisa, ameketi mbele ya nyumba yake akisubiri kichwa chake. Tulikwenda, kichwa kikitufuata nyuma, kimebebwa na binti kwenye ungo. Liberatus alipiga magoti nusu, akaamkia, akaeleza haja yake kwa maneno machache: anaomba, kama mzee atapenda, kinyama kidogo kilicho chini ya sikio, kabla kichwa hakijachomwa.

Mzee Gideoni alifikiri. "Ni cha kula?"

"Si cha kula, baba. Ni cha kutazama."

"Mtakitazama mwishoni mtakila?"

"Kitakuwa kimetiwa dawa. Atakayekila atakufa."

"Hapo sawa." Akachukua kisu chake mwenyewe, akafungua shavu lake mwenyewe, akasogea pembeni. "Toa hicho unachotaka. Lakini hutoki hapa. Mtu aliyeingiza mkono kwenye kichwa changu anakaa tunakila wote. Hatutoi kichwa kwa watu waliosimama."

Tukakaa. Kichwa kikachomwa, kikachemshwa, ikafika saa kumi. Liberatus alipewa sikio. Mzee aliuliza, akitafuna, tumekuwa tukiitafuta ile tezi kwa muda gani.

"Miaka minne, baba."

"Na nyumba yangu iko hapa barabarani miaka thelathini. Mbona hamkuuliza?"

Hilo ndilo swali pekee la kitaalamu nililolisikia mwaka ule, nami nililiandika nyuma ya risiti ya viazi.

Jumamosi mbili zilizofuata alipata vichwa vingine viwili kwa njia hiyo hiyo. Akakata, akapuliza, akatia rangi. Wote watatu hawakuwa na seli nyeupe. Ilibaki siku tatu sanduku liondoke. Jumatatu jioni kabla ya kufunga alisimama mezani pangu, vioo vitatu mkononi, na barua yake, kama tulivyojua wote wawili, ilikuwa hatua nne kutoka pale.

"Ungenyamaza," nilimwambia, "nani angejua?"

"Vioo vinajua," alisema. "Na nimevikata mimi."

Akaingia. Mlango ulibaki wazi, nami nilikuwa nikipanga bahasha ambazo hazikuhitaji kupangwa.

Daktari alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na Kiswahili cha kutosha amri, na siku ile alilazimika kukitumia kwa mambo mengine.

"Mbuzi wa Iringa ni mbuzi mwingine," alisema.

"Ndiyo, Bwana Daktari. Hawa watatu ni wa Mbalizi."

"Hawa watatu wana kasoro."

"Labda, Bwana."

"Wale arobaini hawana kasoro."

"Hawana, Bwana. Ni tezi nzuri sana za chini ya taya."

Nilisikia droo ikifunguliwa na kufungwa. "Kalinga, barua yako iko hapa."

"Najua, Bwana."

"Sanduku likienda Alhamisi, barua inakwenda Alhamisi. Andika vibandiko vya vioo."

"Vizuri, Bwana."

Alitoka, akaketi, na kwa siku mbili aliandika vibandiko arobaini kwa mwandiko wake mdogo ulionyooka. Jumatano Daktari alikuja kuvikagua. Kila kimoja kilikuwa na namba, tarehe, kijiji, na jina la tezi kwa Kilatini. Jina lilikuwa la tezi ya chini ya taya.

"Umekosea," alisema Daktari.

"Sijakosea, Bwana. Ningeandika lile jina jingine ndipo ningekosea."

Daktari alikuwa mwekundu kwa kawaida. Siku ile alipauka. Angeweza kumfukuza pale pale, na kuandika vibandiko yeye mwenyewe. Kwa kweli alichukua kalamu, akaandika kimoja. Mwandiko wake ulifanana na kazi ya kuku mwenye haraka. Akakiweka chini. Kisha akavichukua vile vioo vitatu vya Liberatus, akafunga mlango, na hakutoka mpaka adhuhuri ya Alhamisi. Basi la posta lilipita bila sanduku.

Nimtendee haki: alikuwa mkaidi, hakuwa mwongo. Watu wengi niliofanya nao kazi baadaye walijaliwa vyote viwili. Alipotoka alinipa kurasa zake kumi na tisa nizichome, akasema kwamba atahitaji mbuzi arobaini wapya, tezi sahihi, kabla ya likizo yake ya mwezi wa Agosti. Juu ya barua hakusema neno. Droo ilibaki imefungwa. Liberatus aliendelea kuja kazini kila asubuhi na ofisi iliendelea kushangaa.

Daktari aliamua kwenda Mbalizi yeye mwenyewe. Hakutaka tena kumwamini mchinjaji, wala mkataji. Jailos alimpeleka, na habari zake nilizipata kwa Jailos, aliyezieleza kwa wiki nzima kwa kila aliyekuwa na masikio. Daktari alifika kwa Mzee Gideoni, akabaki amesimama, akatoa kisu chake kinachong'aa. Mzee alimwonyesha kigoda. Daktari alisema hana muda. Mzee alimwambia muda upo, kichwa kitakuwa tayari saa kumi, naye atapewa ulimi kwa kuwa ni mgeni mkubwa. Daktari alisema hali vichwa.

"Basi tusichokozane," alisema Mzee Gideoni, na akaweka mkono juu ya sikio la mbuzi. "Mlete yule kijana anayepiga magoti."

Nyumba ya pili waliambiwa vivyo hivyo, na ya tatu. Wajomba walikuwa wamekwisha kupelekeana habari kanisani.

Jumatatu Daktari alimwita Liberatus akamwambia kwamba atakwenda Mbalizi kila Jumamosi. Liberatus alisema ndiyo, Bwana. Ndipo mimi nikakohoa. Miaka minne sikuwa nimekohoa katika ofisi ile. Nikasema kwamba, kwa masikitiko, kanuni za safari haziruhusu kibarua kusafiri kwa kazi siku isiyo ya kazi, wala kupanda gari la ofisi akiwa na vifaa, wala kupokea kitu kwa niaba ya ofisi na kukitilia sahihi. Kwamba wakubwa walikuwa wakali mno kuhusu jambo hili. Kwamba mwajiriwa rasmi angeruhusiwa yote matatu. Nilileta kitabu cha kanuni, nikakiweka wazi mbele yake. Kanuni zilikuwepo kweli. Hakuna aliyewahi kuzifuata, lakini hilo si kosa la kanuni.

Daktari alisoma. Akanitazama mimi, akamtazama Liberatus, ambaye alikuwa akitazama ukuta. Akafungua droo.

Ndivyo Liberatus Kalinga alivyoajiriwa rasmi tarehe kumi na sita Aprili, 1956. Hakuajiriwa kwa kuwa mkono wake haukutetemeka miaka minne, wala kwa kuwa alimwokoa bwana wake asichekwe na Ulaya nzima. Aliajiriwa kwa kuwa alijua kuketi. Daktari naye aliandika karatasi mpya, fupi, ambayo ilikubaliwa na kupigwa chapa. Inaeleza hatari ya kuwategemea wakusanyaji wasiosoma, na jinsi mwandishi alivyogundua kosa kwa uangalifu wake. Mwishoni anawashukuru waliotengeneza hadubini.

Nyumba ilitolewa mwezi wa Mei. Ilikuwa stoo yetu ya zamani ya chupa, ikapakwa chokaa na kuwekewa jiko. Harufu ya fomalini ilikataa kuhama. Liberatus alituma neno nyumbani, na jibu likaja kwamba Paskalina atafika Jumamosi kwa basi la mchana. Jumamosi ilikuwa ya Mbalizi, harusi mbili na ubatizo mmoja, vichwa vitatu. Akaniomba nikampokee.

Alishuka na Rozalia mkononi, furushi la mahindi, na jogoo. Nilimtambua kwa jinsi alivyotazama pande zote bila kutafuta.

"Shikamoo, shemeji," alisema. "Baba Rozalia yuko wapi?"

"Marahaba. Yuko kazini."

"Jumamosi?"

"Jumamosi ndiyo kazi yake hasa, shemeji."

"Anafanya nini?"

Nilifikiri kumpa maelezo marefu, juu ya tezi, na nta, na seli nyeupe. Lakini jua lilikuwa kali na furushi zito.

"Anakula vichwa vya mbuzi na wajomba za watu," nilisema.

Paskalina alinitazama kwa muda, kama mtu anayemtazama mwanamume anayemfichia mwenzake. Nilipomfungulia mlango alisimama kizingitini, akanusa, akaingia. Alizunguka chumba mara moja, akagusa kila ukuta kwa kiganja, akafika dirishani na kulisukuma mpaka bawaba zikalia.

"Nyumba ni yake?" aliuliza. "Imeandikwa?"

"Imeandikwa. Nimeandika mwenyewe."

"Haya." Akamfungua jogoo miguu, akaketi chini katikati ya chumba, akamvuta mtoto mapajani. "Akija kashiba, atapika yeye."